Mkunazi wa Nungunungu Kwenye Mawe Meusi

Wasikilizaji, nikigonga jiwe mtaitika?

— Tutaitika.

Nagonga.

— Gonga, tusikie.

Hapo kale, kale kabisa, palikuwa na mlima uliotapika moto mpaka baharini. Moto ulipopoa ukawa mawe meusi, makali kama meno ya msumeno. Juu ya mawe hayo waliishi Nungunungu na mkewe, Mwanashehe.

Mwanashehe alipenda kunazi. Kila alipokula alihifadhi kokwa ndani ya kifuu cha nazi, akasema iko siku watachuma mlangoni pao. Siku hiyo hakuiona. Mwanashehe alifariki, na majani ya mkunazi ya kumwoshea yakaletwa kutoka mbali, kwa sababu pale kwao hapakuwa na hata mti mmoja. Nungunungu akamzika nyuma ya nyumba. Kikabaki kifuu.

Sasa, wanyama wa mlima ule walikuwa na sheria. Mwenye kiwanja alipewa masika matatu apande mti. Masika hayo yakipita, Kobe mkaguzi huja saa sita mchana akakaa chini ya mti huo. Akipata kivuli, kiwanja ni chako. Jua likimchoma kichwa, kiwanja anapewa aliyekiomba. Na kiwanja cha Nungunungu kilikuwa kimeombwa na jirani yake Ngedere, ambaye alitangaza wazi kwamba atakisawazisha chote, mbele na nyuma ya nyumba, apate mahali pa kuota jua.

Nungunungu hakuomba kuongezewa muda. Alishika jembe.

Masika ya kwanza aliondoa mawe, akayatupa mpakani, kiwanja kikawa safi kama ua uliofagiliwa. Akapanda kokwa kumi, nazo zikachipua. Mvua ilipokoma, jua likapiga kutoka juu, upepo wa chumvi ukapiga kutoka kando, miche yote ikakauka.

“Jirani,” Ngedere akauliza, “unapanda miti au unaanika kuni?”

Nungunungu alitazama ndani ya kifuu, akaona kokwa bado zipo.

Masika ya pili alibeba udongo kutoka bondeni, kapu kwa kapu, mpaka mabega yakachubuka. Akautandaza, akapanda tena. Ikanyesha mvua kubwa moja tu, udongo wote ukazama kwenye nyufa. Ngedere akacheka hadi akashika tumbo. Kisha akayaendea yale mawe ya mpakani, akaanza kuyarusha katikati ya kiwanja, moja moja.

“Chukua mawe yako, jirani. Pengine yatazaa.”

Siku nyingi zikapita, jua likarudi. Nungunungu akaanza kuyaondoa mawe upya. Alipoinua la tatu, akasita. Chini yake palikuwa na unyevu. Udongo aliodhani umepotea ulikuwa umejaa ndani ya ufa, na kokwa moja iliyozama nao ilikuwa imechipua majani mawili, ikipenya kando ya jiwe kutafuta mwanga.

Halafu akalirudisha jiwe polepole, pale pale lilipokuwa.

Masika ya tatu hakuondoa jiwe hata moja. Aliyarudisha yote: makubwa upande wa bahari yazuie upepo, madogo juu ya mizizi yazuie jua. Akatafuta nyufa, akazijaza majani makavu na udongo, akapanda kokwa zilizosalia. Ngedere alipomrushia jiwe, aliliokota, akashukuru, akalipanga. Ngedere akaendelea kurusha mpaka alipoona ule mkunazi wa kwanza umempita kimo. Hapo akaacha kucheka.

Siku ya ukaguzi ikafika. Nungunungu akaenda kumpokea Kobe njiani, na kwa kuwa Kobe ni Kobe, walitembea polepole. Huku nyuma Ngedere akaingia kiwanjani. Akauvuta mkunazi, miiba ikamchoma. Akauvuta tena, lakini mzizi ulikuwa ndani kabisa ya ufa, haukutikisika. Mara ya tatu akaamua kubomoa mawe aufikie mzizi. Akachomoa la chini, la juu likaporomoka na kumkalia mkia.

Alijivuta, hakutoka. Jua likapanda. Mawe meusi yakawa moto kama kikaango. Ngedere akajisogeza, akajisogeza, mpaka mahali pekee palipokuwa na ubaridi.

Saa sita kamili Kobe akamkuta hapo. Ngedere akawahi kusema, “Mzee Kobe, huu ni kijiti tu. Hauna kivuli.”

Kobe akamtazama kwa utaratibu wake. “Basi toa kichwa nje.”

Ngedere akatoa kichwa, akakirudisha. Akakitoa, akakirudisha. Mara ya tatu hakukitoa.

“Sogea kidogo, mwanangu,” akasema Kobe. “Nami nikae.”

Nungunungu akainua jiwe, Ngedere akauchukua mkia wake, akaondoka bila kuaga. Jiwe likarudishwa mahali pake.

Mkunazi ulipozaa, Nungunungu alichuma kunazi za kwanza, akazipeleka nyuma ya nyumba, akaketi huko mpaka alipomaliza kula. Kokwa akazirudisha ndani ya kifuu.

Basi, wasikilizaji, ngano hii inatufundisha kwamba ukishindwa mara mbili, tazama kilichobaki chini kabla hujaondoka, na usitupe kinachokusumbua kabla hujajua kazi yake. Na wewe unayemrushia mwenzako mawe, ujue unamjengea ukuta.

Jiwe nililogonga naliweka chini.

— Weka, tumesikia.