Madoa ya Kabichi za Mbelwa

"Jani bovu halitupwi kando, huzikwa." Mmenisikia mchana nikiwaambia hivyo wale mashemeji wawili waliokuwa wakigombana, na sasa mnataka kujua methali hii imetoka wapi. Ilianzia hapa hapa kwetu Usambara, kwa ndugu wawili, kabla wazazi wenu hawajaoana.

Mbelwa na mdogo wake Singano walirithi shamba moja la mteremkoni. Mbelwa alilima sehemu ya juu, Singano ya chini, na wote walipanda kabichi. Mwaka mmoja, kabichi za Mbelwa zilipoanza kufunga vichwa, majani yake ya chini yalitoka madoa ya kahawia. Kila doa lilikuwa na duara ndani ya duara, kana kwamba mtu amelichora. Mbelwa akayachuma majani yale na kuyatupa ukingoni mwa shamba. Haikusaidia kitu. Madoa yalipanda mpaka vichwani, na kabichi nyingi zikaoza.

Asubuhi moja alimkuta Singano amesimama ukingoni pale, ameinamia kabichi zisizo zake. Basi hasira zikampanda. Siku ile ile akasema mbele ya wazee, "Anayeniroga nimemjua. Ni huyu niliyenyonya naye ziwa moja."

Singano alifungua kinywa ajieleze. Wazee waliogopa ugomvi usije ukakua, wakasema, "Yawekeni kando hayo, ninyi ni ndugu." Yakawekwa kando. Lakini tangu hapo walipokutana njiani, kila mmoja alitazama upande wake.

Msimu uliofuata madoa yalirudi.

Mwanahawa, mke wa Mbelwa, alikuwa mwanamke asiyeridhika na jibu mpaka aligeuze upande wa pili. Aliingia shambani akawa anafunua kabichi moja baada ya nyingine, akitazama ipi imeugua na ipi bado. Akaona jambo la ajabu. Zilizo katikati ya shamba zilikuwa nzima. Zilizougua ni zile za ukingoni, karibu na majani yaliyotupwa mwaka uliopita, ambayo yalikuwa hayajaoza yakaisha.

"Mchawi gani huyu," alijiuliza, "ambaye kila mara anaanzia kwenye takataka zetu?"

Hakumwambia mtu. Nyuma ya jiko alikuwa na miche ya kabichi iliyostawi. Akachagua miwili iliyoachana. Chini ya mmoja alitandaza majani yenye madoa, chini ya mwingine hakuweka kitu. Mvua zikanyesha. Kila tone lililopiga yale majani lilirusha uchafu juu ya mche. Muda si mrefu akamwita mumewe.

"Baba Rehema, hebu njoo utazame. Huu una madoa, ule hauna."

Mbelwa akachuchumaa. Alilitazama lile jani lenye duara ndani ya duara, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Nani kauroga?" aliuliza.

"Mimi. Kwa majani uliyoyatupa wewe."

Mbelwa akaliachia lile jani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa Singano siku ile alikuwa akitafuta nini kwangu?"

"Kamuulize mwenyewe."

Walimkuta Singano shambani kwake, na hapo ndipo Mbelwa alipoona jambo ambalo kwa hasira zake hakuwahi kulitazama. Maji ya mvua yalikuwa yakiteremka kutoka kwake mpaka kwa mdogo wake, na kabichi za huko zilikuwa zimeteketea kuliko zake.

"Siku ile nilikuja kule juu kwako nitazame kama na wewe umepatwa, kaka," Singano alisema. "Nilitaka tutafute dawa pamoja. Ukaniita mchawi."

Siku iliyofuata walichimba shimo refu mbali na shamba, wakazika majani yote mabovu. Msimu uliofuata walipanda maharage mahali pa kabichi. Walipozirudia kabichi walizipanda kwa nafasi ili upepo upite, na wakamwagilia asubuhi, chini kwenye shina. Madoa machache yaliyotokea waliyawahi, wakayazika.

Lakini siku ile ya shimo, Mbelwa alipokuwa anafukia, Singano alishika mpini wa jembe lake.

"Kaka, na lile neno uliloniambia mbele ya watu? Bado liko kando pale."

Mbelwa akalitua jembe chini. Hakungoja hata kunawa udongo. Alikwenda kwa wazee wale wale, akawaomba waketi, akamshika mdogo wake mkono mbele yao. "Nilimsingizia ndugu yangu," alisema, na machozi yakamtoka. "Singano si mchawi. Naomba anisamehe."

Singano alimsamehe. Mzee mmoja, aliyekuwa ametoa ushauri ule wa kwanza, akatikisa kichwa akasema, "Kumbe sisi ndio tuliokosea. Jani bovu halitupwi kando, huzikwa."