Viatu vya Kadhi Burhani

Palikuwa na kadhi, jina lake Burhani, aliyechukia rufaa kuliko maumivu ya jino. Lakini Sultani alikuwa ameshaamuru: kila anayehukumiwa ana haki ya kukata rufaa kwake. Kadhi hakubisha. Aliongeza kasharti kadogo tu: rufaa ikatwe kabla kadhi hajavaa viatu vyake. Akishavaa, kesi imekwisha, kila mtu kwao.

Basi hukumu zote akawa anazisomea mlangoni, pale watu wanapovulia viatu. Macho kwenye karatasi, miguu inapapasa chini. Akitamka neno la mwisho, viatu viko mguuni. Miaka saba, bila hata rufaa moja! Akajisifu kwa Sultani kwamba raia wote wameridhika. Haya, nyinyi chekeni, waliohukumiwa hawakucheka.

Siku moja akaletwa Shamte, fundi viatu, mtu mwenye watoto sita na mdomo mmoja unaotosha watu kumi. Mdai wake, tajiri Msellem, alilalamika kwamba nyundo ya Shamte inamnyima usingizi wa mchana, kwa hiyo nyumba ya Shamte ivunjwe. Nyumba, jamani, si nyundo!

Kadhi akasimama mlangoni, akasoma: "Nyumba ivunjwe kesho asubuhi."

"Nakata rufaa," akasema Shamte.

"Umechelewa. Tazama miguu yangu."

Shamte akatazama. Akachuchumaa, akatazama tena.

"Maulana, hivi ni viatu vyako?"

"Vya nani tena? Vya babako?"

"Nauliza tu. Maana nimevishona mimi wiki iliyopita, na aliyeviagiza ni Bwana Msellem."

Watu wakageuka. Msellem alikuwa kizingitini, pekupeku, anatafuta viatu vyake.

Kadhi akainama, akaona kweli si vyake, lakini kurudi nyuma hakuzoea.

"Nimesema ni vyangu! Vyangu! Kesi imekwisha!"

"Sawa, Maulana, ni vyako, na rufaa sina. Ila kumsalimia Sultani hakuna sharti. Nitamwambia kwamba asubuhi viatu hivi vilikuwa vya mdai, na hukumu ilipotoka vikawa vya kadhi. Sasa, unavivua upokee rufaa yangu, au niende nikamsalimie?"