Mbonea Aliyefika Kileleni Peke Yake

Jamaa, natoa hadithi.
Itoe, tuipokee.
Mmekaa vizuri?
Tumekaa.
Na aliye nyuma kabisa anasikia?
Anasikia.

Basi hapo zamani, zamani sana, watu na wanyama walipokuwa bado wakisalimiana njiani, palikuwa na mtu mmoja huko milima ya Upare, jina lake Mbonea. Mbonea alikuwa hodari wa kutembea. Akiondoka na wenzake, yeye hufika, hunywa maji, husinzia kidogo, huamka, ndipo wenzake waonekane. Watu walimsifu kwa hilo, naye alizipenda sifa zile.

Mbonea alikuwa na mkewe, Nakijwa, na binti zao wawili: Nanzia wa miaka tisa na Namsifu wa miaka minne. Alikuwa pia na mama yake, Bibi Namkunda, ambaye sasa alitembea kwa fimbo.

Siku moja Bibi akamwambia, "Mwanangu, juu ya msitu ule kuna jabali. Nilipokuwa msichana baba yangu alitupeleka sote, tukaiona nchi yote. Macho yangu yanafifia. Nataka niwaonyeshe wajukuu zangu kabla hayajazimika."

Mbonea akasema, "Kesho tutakwenda, mama. Lakini adhuhuri ukungu hulifunika jabali lile. Lazima tufike kabla."

Kulipokucha wakaondoka. Mbonea alibeba kikapu cha viazi vitamu, Bibi akafunga ndizi mbivu kwenye kanga, Nakijwa akachukua kibuyu cha maziwa. Wakaingia msituni. Ndani mlikuwa na baridi na harufu ya majani mabichi, na mizizi ilikatiza njia kama kamba.

Bibi alikuwa akisimama kila mara. "Gome la mti huu lilimponya babu yenu kikohozi," anasema. Wanasimama, wanaligusa. "Shimo hili ni la muhanga. Mchana amelala humo." Wanasimama, wanachungulia. Na kila mara mmoja akibaki nyuma, Bibi huimba, na watoto humwitikia:

Tungoje, tungoje,
aliye nyuma ni wetu,
tungoje.

Mbonea yeye alikuwa akilitazama jua kupitia majani. Jua lilikuwa linapanda.

Juu ya tawi alikuwapo Ngedere. Aliviona viazi, akaziona ndizi, akakiona kibuyu. Lakini Bibi alikuwa na fimbo, na Nakijwa alikuwa na macho makali. Ngedere akasema moyoni, "Hawa wakiwa pamoja, mimi sili kitu. Ngoja niwatawanye."

Akashuka karibu na Mbonea, akamwambia taratibu, "Mbonea, jua halikungoji. Kikapu hicho kinakuchelewesha. Kiache chini ya mti, mimi nitakilinda."

Mbonea akaona ni maneno ya maana. Akakiacha kikapu, akaenda.

Wakatembea, wakatembea, wakafika kwenye kijito. Mawe yake yalikuwa ya utelezi. Bibi alivuka kwa shida, akaketi kwenye gogo ili apumue.

Ngedere akaja tena. "Mbonea, jua halikungoji. Mwache mama yako apumzike. Utampitia ukirudi."

Mbonea akasema, "Mama, kaa hapa. Sisi tunawahi, tutakupitia."

"Na atakaa na nani?" Nakijwa akauliza.

Kinyonga alikuwa kwenye gogo lile lile, rangi yake moja na kuvu. Akasema, "Atakaa na mimi. Sina haraka ya kwenda popote."

Bibi akamtazama mwanawe, kisha akatazama maji. "Nenda, mwanangu," akasema.

 Mbonea akainua macho, akaliona jua, akaenda.

Wakatembea, wakatembea, wakafika kwenye mteremko mkali. Namsifu akaketi chini, akalia.

"Baba Nanzia," mkewe akasema, "mtoto amechoka. Tupumzike, na mama atatukuta."

Ngedere akaja mara ya tatu. "Mbonea, jua halikungoji. Wewe ndiye mtembeaji. Angalau mmoja wenu aone."

"Aone nini, na sisi tuko hapa?" Nakijwa akasema.

"Nitarudi niwaeleze," Mbonea akajibu.

Nanzia hakulia. Aliuliza tu, "Baba, hutungoji?"

Mbonea akajifanya hakusikia. Akapanda, akapanda, mpaka akasimama juu ya jabali.

Alikuwa amewahi. Nchi yote ilikuwa wazi chini yake. Mbonea akageuka aseme, "Tazameni," na nyuma yake hapakuwa na mtu. Akalitazama jua kwa mara nyingine, ahakikishe kwamba kweli amewahi. Aliposhusha macho, ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni.

Ukaja upesi. Ukafunika bonde, ukafunika miti, ukafunika mpaka miguu yake mwenyewe. Kushoto palikuwa na genge, na kulia palikuwa na genge, na njia ya kushukia hakuiona. Akaogopa. Akaita. Hakuna aliyeitika.

Kisha akasikia mtu anahema karibu naye. Alikuwa ni Ngedere, amekaa chini, tumbo limemvimba, kikapu kitupu kando yake.

"Nionyeshe njia," Mbonea akamwambia.

"Mimi mwenyewe nimekwama," Ngedere akasema. "Viazi nimevila. Ndizi nilimwibia mama yako aliposinzia. Maziwa niliyanywa mkeo alipokuwa akimbembeleza mtoto. Sasa siwezi kuruka. Wenzangu wamepita juu ya miti, nikawaomba wanisubiri. Wakaniambia, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mzito huachwa."

Mbonea alitaka kumkasirikia, akashindwa. Maneno yale yalikuwa yake pia. Akaketi kando yake, mtu na ngedere, ndani ya ukungu mmoja.

Wakakaa, wakakaa. Mara kutoka chini ikasikika sauti nyembamba:

Tungoje, tungoje,
aliye nyuma ni wetu,
tungoje.

Mbonea akaruka kusimama. "Niko huku," akasema.

"Usisogee," ikajibu sauti ya Bibi. "Kaa hapo hapo uimbe. Sisi tutakuja."

Mbonea akaimba. Wakaja polepole. Mbele alikuwa Namsifu, ameshika ncha ya fimbo, maana mwenye hatua fupi ndiye aliyepewa uongozi. Kisha Nanzia, kisha Nakijwa, kisha Bibi, na begani kwa Bibi alikuwa Kinyonga. Yeye alikuwa amemwonyesha namna ya kupanda: weka mguu, tulia, tazama, weka mwingine. Hivyo hivyo Bibi aliinuka kwenye gogo, akawakuta wenzake mteremkoni wakimngoja.

Mbonea akapiga magoti. "Nisamehe, mama."

Bibi akamshika kichwa, akamwinua.

"Baba, uliona nini?" Namsifu akauliza.

Mbonea akafungua kinywa. Akatafuta, akatafuta. "Niliona mbali," akasema, na zaidi ya hapo hakuwa na la kusema, maana alikuwa ameliangalia jua.

Basi Bibi akaketi, akanyoosha kidole ndani ya weupe ule. "Huku kuna ziwa, jembamba kama unyayo. Kule kuna mlima wenye kofia nyeupe. Na hapa chini palikuwa na shamba letu la mahindi, baba yangu alinibeba begani ili nilione." Watoto wakasikiliza. Mbonea naye akasikiliza, kama mtoto wa tatu.

Ukungu haukuondoka siku ile. Bibi hakuiona nchi yake.

Walipoinuka, Namsifu akamwonyesha Ngedere. "Na huyu je?"

"Aje nyuma yetu," Bibi akasema. "Ila kikapu kitupu akibebe yeye."

Wakashuka. Namsifu aliongoza, Mbonea akawa wa mwisho kati ya watu, mkono wa mama yake mkononi mwake, na nyuma yake Ngedere na kikapu, akiguna kila hatua.

Walifika kijijini jua likizama. Majirani wakamcheka. "Mbonea, leo umekuwaje? Hujawahi kuchelewa hivi."

Mbonea akawajibu, "Tulikuwa watano."

Nanyi mnaonisikiliza, shikeni hili: mkitoka pamoja, mwendo wenu ni wa yule mwenye hatua fupi. Anayewaacha wenzake ili awahi, akifika hana wa kumwambia tazama.

Hadithi nimeishusha mlimani salama. Mimi naitua hapa. Mwenye nguvu aibebe, aende nayo kwao.