Kiboko Aliyemwagilia Ukoka wa Bi Pimbi

Paukwa!
— Pakawa!
Mbinguni?
— Hakuna wingu!
Duniani?
— Vumbi tupu!
Basi sogeeni, nimwage yangu.

Hapo kale jua liliwaka miezi minane. Mito ikakauka, visima vikakauka. Likabaki bwawa moja tu, na ndani yake Kiboko, kajaa tele. Kila ajaye kunywa hufukuzwa: "Hrumf! Maji yangu!"

Juu kidogo ya bwawa, mbele ya pango lake, Bi Pimbi alikuwa na kiwanja cha ukoka. Aliutunza kama nywele za mwanawe. Yeye na wanawe watatu walikula ncha tu, maana alijua ukoka ukinyolewa kipara juani haufufuki. Lakini sasa ulikuwa umesinyaa, rangi ya jamvi kuukuu, na wanawe midomo imewapasuka.

Asubuhi moja, puu! puu! puu! Kiboko huyo.

"We Pimbi! Ukoka huu nautaka. Wote. Leo."

Bi Pimbi akakitazama kinywa chake. Kinywa kile kikipita mara moja, hapabaki hata mzizi. Akameza hofu yake, akatabasamu.

"Karibu, mkubwa wangu. Ila huu mkavu, utakukwama kooni. Ungemwagiliwa siku saba, ungekuwa laini kama siagi."

"Basi umwagilie!"

"Kwa chombo gani, bwana? Kinywa changu mimi kijiko. Chako pipa."

Kiboko akavimba kwa sifa. Akashuka bwawani, akajaza kinywa, gugugu! Akapanda, puu! puu! Akatema, pwaaa!

"Nile sasa?"

"Bado, bwana. Ukoka uliolowa hung'oka na mizizi yake, utajaza kinywa matope."

Siku ya pili, gugugu! puu! puu! pwaaa! "Nile sasa?" "Bado, bwana." Siku ya tatu vivyo hivyo. Na Kiboko alivyo mzito, kila alipokanyaga udongo ulibonyea, unyayo ukawa bakuli la maji. Akirudi kulala, wana wa Pimbi wanakunywa. Kanga akasikia, Digidigi akasikia, nao wakaja.

Siku ya nane ukoka ulikuwa kijani kibichi. Kiboko akaja kinywa wazi, hana maji, ana njaa tu. Wanyama wakasogea kutazama.

"Kula, mkubwa wangu," akasema kwa sauti, wote wasikie. "Ila nauliza tu. Siku saba umeutemea. Mkubwa akitema, huyalamba mate yake?"

Kanga akacheka, ke-ke-ke! Digidigi akacheka. Kiboko akafumba kinywa. Akautazama ukoka, akawatazama wao.

"Nani kasema naula? Nilikuja kuuangalia tu!"

Akageuka, puu, puu, akaenda zake.

Bi Pimbi akaketi palepale, akashusha pumzi, huuuu! Wanawe wakajibwaga kwenye ukoka, wakabingirika wakicheka. Siku ya tisa mvua ikanyesha, kila mmoja akanywa mlangoni kwake.

Ngano yangu imeishia hapo: tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi. Na funzo lake, wanangu, ni hili: msimdanganye mkubwa hata siku moja. Mdanganyeni saba, ukoka ushibe maji.