Mwali Aliyenyimwa Jua

"Aliyekunyima jua asikucheke ukijikwaa." Methali hii mmeisikia leo shuleni, mama mmoja akimtolea mwalimu, nanyi mmerudi mnauliza imetoka wapi. Basi kaeni. Chanzo chake kina uchungu.

Huko Uzaramo, upande wa Kisarawe, paliishi msichana akiitwa Sikudhani binti Pazi. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama wenzake. Wenzake walikaa miezi mitatu, wakafundwa, wakatolewa. Yeye, miezi mitatu ilipokwisha, shangazi yake Mwanamvua alisema bado. Alitaka atoke mweupe kuliko mwali yeyote aliyewahi kutolewa kijijini, watu wamzungumze mpaka ng'ambo ya mto. Akaziba kidirisha kwa gunia, mlango akautia komeo. Mama yake Sikudhani aliposema mtoto anasinyaa, alijibiwa, "Wewe umeolewa hapa. Damu hii ni yetu." Pazi, baba mtu, alimwogopa dada yake, akanyamaza.

Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukawa miwili.

Mle ndani Sikudhani alisuka ukili na kumeza hasira. Mwanzo macho yalimwasha tu. Baadaye yakakauka, kila akipepesa ni kama yametiwa mchanga. Nyonga na magoti vikamuuma kama bibi kizee. Mlango ukifunguliwa apewe chakula, uani aliona ukungu mtupu. Mama yake akisimama penye kinu, hakumjua mpaka aongee. Alimweleza shangazi yake.

"Macho ya mwali hayana kazi," Mwanamvua alimjibu. "Unataka kumwangalia nani?"

Tangu siku hiyo Sikudhani aliacha kuomba.

Siku ya kutolewa ikafika. Ngoma zililia tangu asubuhi. Watu wa upande wa mchumba aliyemposa waliketishwa kwenye mkeka, mtungi wa togwa mbele yao. Sikudhani alitolewa amefunikwa kanga, na walipomfunua, mwanga ulimpiga usoni kama kofi. Machozi yakamtoka. Alipiga hatua mbili, akajikwaa kwenye ukingo wa mkeka asiouona, akaanguka juu ya mtungi. Togwa ikamwagika mapajani mwa wageni.

Mwanamvua alikuwa karibu, angeweza kumshika mkono. Badala yake aliwageukia wageni akacheka. "Mtatuwia radhi. Huyu kazaliwa na miguu ya bata. Tumemfunda, hafundiki."

Watu wakacheka naye. Sikudhani akainuka mwenyewe.

"Shangazi, unacheka nini?"

"Shika adabu. Mwali hasemi."

"Leo atasema. Miaka miwili umeniwekea gunia dirishani. Nilikwambia macho yangu yanakufa, ukaniuliza nataka kumwangalia nani. Aliyeninyima jua asinicheke nikijikwaa."

"Rudi ndani."

"Sirudi."

Akaketi palepale juani, togwa ikimkaukia miguuni. Ngoma zikanyamaza moja moja. Pazi akaenda nyuma ya nyumba, akalichana lile gunia vipande vipande, akarudi navyo mkononi. Binti yake alimtazama kwa hasira ileile aliyomtazamia shangazi, kwa kuwa alikuwa amechelewa miaka miwili.

Mama yake alimpeleka zahanati. Mganga aliwaeleza kwamba mifupa imekosa vitamini D, ambayo mwili hujitengenezea ngozi ikipigwa na jua. Kuhusu macho hakutaka kuapa.

"Wataalamu bado wanachunguza," alisema. "Huenda upungufu huohuo una mkono katika ukavu wa macho. Na mtoto asiyetoka nje yuko hatarini kupoteza uwezo wa kuona mbali. Lakini mama, hata bila kipimo, binadamu hafungiwi hivi."

Akampa vidonge na dawa ya matone, akamwambia atoke nje kila siku, ale samaki na mayai. Maumivu yalipungua, ukavu ukaisha polepole. Kuona mbali hakukurudi. Sikudhani alivaa miwani mpaka siku ya kufa kwake.

Mwaka uliofuata Mwanamvua alikuja na wazee kuomba radhi. Alisema alitaka mtoto wa kaka yake apendeze, kwamba naye aliwekwa ndani hivyo hivyo na mama yake. Alilia. Sikudhani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kunifungia nimekusamehe, shangazi," alisema, "maana ulidhani unanipamba. Kile kicheko sijakusamehe."

Wazee walitaka kumkemea. Lakini mkubwa wao akasimama, akamwambia Mwanamvua waondoke. Njiani Mwanamvua akaanza kunung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawana heshima. Hapo yule mzee alisimama katikati ya njia, akamgeukia.

"Nyamaza, Mwanamvua. Aliyekunyima jua asikucheke ukijikwaa."