Boliti Zilizokatikia Ndani

Fundi Saa alikuwa mtu wa kazi za peke yake. Kibanda chake kilikuwa chembamba kama kabati, kimebanwa kati ya duka la vitambaa na duka la viatu, na ndani yake mlikuwa na meza, kiti kimoja tu na taa yenye shingo ndefu. Humo alishinda kutwa, lenzi imembana jichoni, akichokoa vyuma vidogo mithili ya mbegu za ufuta. Kazi ya namna hiyo haina nafasi ya mtu wa pili. Hata pumzi ya mgeni huweza kupeperusha skrubu. Mazoea yakawa tabia, na tabia ikawa fahari. Bomba la maji likivuja nyumbani, aliliziba yeye. Paa likitoboka, alipanda yeye. Aliyejitolea angalau kumshikia ngazi alijibiwa kwa tabasamu na kuachwa amesimama, mikono mitupu.

Mkewe alikuwa daktari wa meno. Alifanya kazi katika hospitali ya mjini, lakini kila wiki alijitengea siku ya kupanda mlimani, kwenye zahanati ndogo isiyokuwa na daktari wa meno. Alipanda kwa gari lao kuukuu, sanduku la vifaa likiwa limefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma kama mtoto. Gari hilo lilikimbia vizuri tu kwenye tambarare, ila likiuona mlima lilikuwa kama punda aliyeonyeshwa mzigo: lilikohoa, likatetemeka, likagoma. Safari ya mwisho daktari alilazimika kushuka na kuweka mawe nyuma ya magurudumu, akangoja injini ipoe. Alipofika, wagonjwa wengi walikuwa wameshakata tamaa. Njiani alikutana na bibi mmoja akishuka kwa miguu, shavu limevimba kama puto, asiye hata na nguvu za kuitikia salamu.

Habari hiyo ilimchoma Fundi Saa. Alimpenda mkewe kwa vitendo zaidi kuliko maneno, na kitendo kilichomjia akilini kilikuwa kimoja.

"Tatizo injini haipumui," alimwambia. "Nitaifungia kabureta kubwa ya kuchanganya hewa na petroli, na bomba pana la kutolea moshi. Itapanda ule mlima ikiimba."

"Na fundi wa magari tutampata wapi kabla sijapanda tena?"

"Fundi wa nini, mke wangu? Injini ni saa iliyonenepa tu."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Hata hivyo hakumkataza. Alimjua mumewe: kumkataza ni kumtia hamu.

Vifaa vilipatikana kwa wauza vyuma chakavu. Asubuhi ya siku ya mapumziko Fundi Saa aliliingiza gari ndani ya banda lililokuwa ubavuni mwa nyumba, akatandika gunia sakafuni na kupanga spana zake kwa ukubwa, kama wanafunzi mstarini. Kabureta ya zamani ilitoka bila ubishi. Kisha akaligeukia bomba la moshi, ambalo lilishikiliwa kwenye injini kwa safu ya boliti zilizokula kutu hadi zikawa na rangi ya udongo wa mfinyanzi. Alizidondoshea mafuta ya kulegeza kutu, lakini hakuwa na moyo wa kuyangoja yapenye. Boliti za mwanzo zilifunguka, naye akaanza kupiga mluzi.

Mluzi ulikoma kwenye boliti ya pembeni. Aliivuta, ikamtazama. Akaivuta kwa mikono miwili, ikamtazama vilevile. Hapo ndipo yule mtu ambaye kazini aligusa vitu kama anayegusa kope za mtoto alipochukua kipande cha bomba la chuma, akakivika kwenye spana ili kuongeza urefu wa mpini, akaegemea kwa uzito wake wote.

Tak!

Mlio ulikuwa mdogo, mkavu, wa dharau. Kichwa cha boliti kilidondoka sakafuni, na mwili wake ukabaki umechomoza nje ya injini kama kisiki. Fundi Saa alikitazama kile kichwa kiganjani kwa muda, kisha akakitia mfukoni kama mtu anayeficha ushahidi.

"Vipi huko?" mkewe aliuliza akiwa jikoni.

"Mambo yanakwenda!"

Mambo yalikwenda kweli, ila yalikokwenda hakukuwa kuzuri. Boliti iliyofuata nayo ilikatika, tena hii ikakatikia ndani, usawa wa chuma cha injini, pasipo hata ncha ya kushika. Kichwa chake nacho kikaenda mfukoni. Akachukua drili ili aitoboe katikati. Ncha ya drili ikateleza, ikakimbilia pembeni na kuanza kula mahali pasipohusika. Aliizima haraka. Angejaribu tena na kukosea, angeitoboa injini yenyewe, na gari lingekuwa banda la kuku.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, vidole vimechunika. Mkewe alimkuta hapo.

"Mbona umekaa kama uliyefiwa?"

"Nimechoka kidogo."

"Na damu hiyo?"

Fundi Saa alivifuta vidole kwenye suruali. Akatoa mfukoni vile vichwa viwili vya boliti, akampa mkewe kiganjani. Daktari alivigeuza kwa kidole, akatazama injini, akamtazama mumewe. Alikuwa na haki ya kusema mengi. Akaingia ndani, akarudi na taa yake ndogo ya kuvaa kichwani na kile kioo cha mviringo anachoingizia kinywani mwa wagonjwa. Akajikunja kati ya injini na ukuta wa gari, mahali ambapo kichwa cha mumewe hakikupita.

"Ahaa," alisema. "Mzizi umebaki ndani. Tena umeuchokonoa kutoka upande. Ungeendelea kidogo ungetoboa taya."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Nani kasema basi? Mizizi mimi nang'oa kila siku. Ila huwa na kitu cha kuishikia. Hapa panahitajika mtu wa kuchomelea nati juu ya hivi visiki, tupate pa kushika." Akajikunjua kutoka kwenye injini. "Mwite Cheche."

Uso wa Fundi Saa ukabadilika. Cheche alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mchomeleaji wa mageti na madirisha, mkono wake hodari na mdomo wake hodari zaidi. Hakuna aliyeanguka na baiskeli mtaani humo ambaye Cheche hakumwigiza mbele ya watu mpaka wakashika mbavu.

"Huyo bwana? Kabla jua halijazama mtaa mzima utakuwa unaniita Fundi Kisiki."

"Mume wangu," daktari alisema taratibu, "unaogopa kuchekwa, na kule juu kuna watu wanaogopa kutafuna. Chagua."

Fundi Saa alinyanyuka. Hatua za kutoka kwake hadi kwa jirani zilikuwa chache, lakini alizitembea kama anayepeleka barua ya kujiuzulu. Alimkuta Cheche ameinamia fremu ya dirisha, kitambaa kimemzunguka kidevuni hadi utosini. Akamweleza yote bila kuremba, akisubiri kicheko.

Cheche hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya puani, "Zimekatikia ndani au nje?"

"Moja nje, moja ndani."

"Twende."

Basi. Wala utani, wala maigizo. Fundi Saa alimfuata nyuma akiwa na wasiwasi zaidi kuliko alipokuja, maana ukimya wa mtu asiyenyamaza unatisha.

Cheche alipoingia bandani hakugusa injini. Alinusa hewa, akaelekeza kidole kwenye kopo miguuni mwa Fundi Saa.

"Hiyo nini?"

"Petroli niliyoitoa kwenye mpira wa kabureta."

Cheche alifumba macho kama anayeomba dua. Akalichukua kopo kwa mikono miwili akalipeleka mbali uani, akafungua milango yote ya banda, akatoa waya za betri, na kumsimamisha Fundi Saa karibu na ndoo ya mchanga. Ndipo akaleta mashine yake ya kuchomelea.

Kazi yenyewe haikuwezekana kwa mtu mmoja hata angekuwa na mikono ya pweza. Mahali palikuwa pembamba. Daktari, ambaye mkono wake hautetemeki hata mgonjwa akipiga mayowe, alivaa glavu na kinyago cha kukinga macho, akaishika nati juu ya kisiki kwa koleo ndefu yenye mdomo uliopinda. Cheche alichomelea. Fundi Saa alifumba macho mwanga ulipowaka, kisha nati ikiwa bado nyekundu akaigusisha mshumaa, nta ikayeyuka na kunyonywa ndani ya kutu. Halafu akatia spana na kuvuta.

Nati ikachomoka peke yake. Kisiki kikabaki.

"Ulivuta," alisema mkewe.

"Sasa nisivute?"

"Jino halivutwi, linabembelezwa. Sukuma mbele kidogo, rudisha nyuma kidogo. Litikise mpaka lenyewe lichoke kukaa."

Wakarudia. Mwanga, nta, spana. Safari hii Fundi Saa alivikumbuka vidole vyake, vile vya kibandani, vinavyojua tofauti kati ya chuma kinachokataa na chuma kinachofikiria. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu akasikia mkwaruzo mdogo kama wa panya darini.

"Inatikisika," alinong'ona.

"Usiivamie," mkewe naye alinong'ona.

Kisiki kilitoka kinazunguka, kimekauka na kuwa cheusi, na Cheche akapiga paja lake bila kusema neno.

Ile iliyokatikia ndani iliwatoa jasho. Cheche alidondosha chuma kilichoyeyuka, tone juu ya tone, hadi kikaota kijinundu cha kushika nati, huku daktari akimwongoza kwa kioo: kulia, kushoto, hapo hapo. Nati ya kwanza ilivunjika. Ya pili pia. Fundi Saa alipotaka kuichukua tena drili, mkono wa Cheche ulimzuia begani, ukamwonyesha ishara ya kungoja. Walikaa wakaiacha injini ipoe, wakanywa maji. Kisha wakaanza upya kama watu ambao hawajawahi kushindwa. Safari hiyo boliti ilikubali. Ilitoka polepole, na Fundi Saa aliipokea kiganjani ikiwa bado ya moto, akairusha kutoka mkono huu hadi ule akicheka kama mtoto.

"Jirani," alisema, "umenisaidia na wala hukunicheka. Nilikudhania vingine. Nisamehe."

Cheche alitikisa kichwa, akajaribu kusema kitu, akakunja uso kwa maumivu. Hapo daktari akavua kinyago.

"Shemeji, hebu fungua hicho kitambaa."

Cheche akarudi nyuma hatua nzima.

"Fungua."

Shavu la Cheche lilikuwa limejaa kama limehifadhi limau. Ikabidi aseme. Jino lilikuwa likimtesa siku nyingi, naye alikuwa amelitibu mwenyewe kwa karafuu, kwa maji ya chumvi, hata kwa kulifunga uzi mlangoni. Uzi ulikatika.

"Na mimi ninalala upande wa pili wa ukuta!" daktari alisema. "Kwa nini hukuja?"

"Nilijua jamaa huyu angenicheka," Cheche alijibu akimwonyesha Fundi Saa. "Mchomeleaji anayeshika moto, anaogopa sindano!"

Fundi Saa hakuweza kujizuia. Alicheka, Cheche naye akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akilishika shavu.

Kesho yake waliifungia injini kabureta kubwa na bomba pana wakiwa wawili, Fundi Saa na jirani yake, mmoja akishika, mwingine akikaza, boliti mpya zimepakwa grisi. Ilipowashwa haikukohoa. Ilinguruma kwa sauti nene, yenye kuridhika, kama mzee aliyeshiba.

Siku ya zahanati ilipofika, kibanda cha saa kilifungwa. Daktari alikaa kwenye usukani, mumewe pembeni yake, na Cheche, aliyetaka jino lake ling'olewe mbali na macho ya mtaa, nyuma akikumbatia sanduku la vifaa kwa hofu. Gari lilipoufikia mlima, wote watatu walisogea mbele kama wanaolisaidia kusukuma. Likabadili sauti, likainama, likaanza kupanda. Lilipita pale lilipozoea kugoma, likapita na pale pa mawe, na Fundi Saa alipomtazama mkewe alimwona akiitabasamia barabara. Walifika juu umande haujakauka. Wagonjwa walikuwa wanaanza tu kukusanyika, yule bibi akiwa wa kwanza kwenye benchi.

Daktari alimtibu bibi, kisha akamwita Cheche. Taa ya chumba hicho ilikuwa hafifu, hivyo Fundi Saa aliombwa ashike tochi. Kwa mkono mmoja alimulika kinywa cha jirani yake. Mkono mwingine Cheche aliushika mwenyewe na kuuminya hadi mifupa ikalia.

"Linatikisika?" Cheche aliuliza kwa shida.

"Linatikisika, ndugu yangu. Tulia tu, usilivamie."

Jino likatoka, zima na mizizi yake. Wakati wa kushuka mlima Cheche, ganzi ikiwa bado imemlegeza mdomo, alikuwa tayari anasimulia habari ya jino lake na boliti za jirani yake, akiigiza sauti zote. Fundi Saa alimsahihisha pale tu aliposahau kitu, maana sasa alitaka isimuliwe yote, jinsi mmoja alivyoshika nati, mwingine akachomelea, na mwingine akazungusha. Ndiyo maana wahenga wakasema, kidole kimoja hakivunji chawa.