Mluzi wa Bibi Silei

Paukwa!
Pakawa!
Mmeitika kivivu, na hadithi ya leo ni ya kuitikia. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, kabla babu zenu hawajaota meno, palikuwa na mji mkubwa. Watu wa msitu, warina asali, walikuja humo kutafuta kazi. Walichekwa lugha yao, wakanyimwa vyumba. Basi Bibi Silei, mwenzao, akaifungua nyumba yake. Mgonjwa akapata dawa, mgeni akapata uji, watoto wakasikia lugha ya mama zao.

Watu wa msitu hawabishi hodi. Husimama mbali wakapiga mluzi: fyuu-fyu, fyuu! Mwenye nyumba akiitikia kwa mluzi, mgeni huingia. Akiitikia kwa kupaza sauti, maana yake ndani mna ndui, kimbia.

Bibi Silei aliitikia kila mluzi. Jirani yake, Mzee Faki msuka majamvi, alinung'unika kila siku kwamba mluzi huita nyoka. Vijana wa nyumba ile wakaona haya, wakakataa kujifunza. Bibi akawaambia tu, "Mimi nitazeeka, wanangu."

Akazeeka. Meno ya mbele yakang'oka, pu, pu, yakaisha.

Asubuhi moja ya masika, mvua inamwagika. Fyuu-fyu, fyuu! Nje alisimama Lasoi, mama kijana aliyetoka msituni, mtoto mgongoni anaungua kwa homa. Bibi akakunja midomo. Fff. Upepo mtupu. Akajaribu tena. Fff. Akawatazama vijana, nao wakatazamana. Hakuna aliyejua.

Fyuu-fyu, fyuu! Sasa mluzi ulikuwa dhaifu.

Kijana mmoja akaingiwa na hofu, akachungulia dirishani, akaita kwa nguvu, "Ingia, dada, ingia!"

Bibi akashika kichwa. "Umemfukuza," akasema.

Kweli, Lasoi aligeuka akakimbia na mtoto wake matopeni, cha, cha, cha. Mji mzima ule hakumjua mtu mwingine. Bibi akataka kumfuata, miguu ikamgomea mlangoni. Alilia, nawaambia, alilia mbele ya watoto.

Ndipo mluzi ukatoka ng'ambo ya ua. Fyuu-fyu, fyuu! Safi kabisa, kama wa Bibi alipokuwa na meno.

Lasoi akasimama. Akarudi.

Alikuwa Mzee Faki. Miaka yote ya kuulalamikia mluzi ule, kumbe ulikuwa umemwingia. Akatokeza na jamvi kichwani, amelowa. "Mpokeeni mtoto," akasema kwa ukali. "Anataka moto na dawa, si kukodolewa macho."

Mtoto akapona. Na kila alasiri Mzee Faki aliketi uani kwa Bibi, akiwafundisha vijana wa msitu mluzi wa kwao, huku akinung'unika kwamba wana midomo mizito.

Basi wanangu, nyumba ya kupokea watu haitoshi kuwa na mlango na uji. Lazima awepo anayejua kuitikia, tena ajifunze mapema. Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye bibi nyumbani aende akamsikilize leo, angali na meno.